Mabati Ishirini na Manane ya Mama Solange

Wewe ungemuuzia mwenzako nyumba unayojua kwamba inavuja?

Usikimbilie kujibu. Mimi nilikimbilia, na ndiyo sababu naandika haya. Mwaka 2001 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa sheria hapa Butembo, na kila swali la dunia nilikuwa na jibu lake. Nchi ilikuwa imekatwa vipande kama kitambaa sokoni. Wenye bunduki wa huku walijiita serikali, wenye bunduki wa kule nao wakajiita serikali, na mama mwenye fungu la maharage alitozwa kodi na wote. Niliamini kwamba uongo ndio uliotufikisha hapo, uongo mkubwa wa wakubwa na uongo mdogo wa sisi wengine. Apatikane mtu mmoja tu asiyedanganya, nilikuwa nawaambia wenzangu, tuanze kujenga juu yake. Na mtu huyo nilikuwa nimeshampata. Nilikuwa mpangaji wake.

Jina lake la kuzaliwa ni Katungu, lakini mtaa mzima ulimwita Mama Solange, kwa jina la binti yake wa pekee. Alizaliwa Kayna, akaletwa Butembo kama mke wa Eliezer, seremala mrefu asiye na kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Eliezer ndiye aliyejenga nyumba ile kwa matofali ya kuchoma na kuiezeka kwa mikono yake mwenyewe, mwaka uleule Solange alipozaliwa. Mabati hayo ndiyo yaliyokuwa bado juu yetu. Yalikuwa yameota kutu mpaka yamekuwa rangi ya udongo, na mchana ulio na jua ungeweza kulala chali chumbani ukahesabu matundu kama nyota.

Mwezi wa saba mwaka 1998 Eliezer alipakia sabuni na chumvi kwenye baiskeli, akaelekea Manguredjipa kuwauzia wachimba dhahabu, kwa sababu kazi ya useremala ilikuwa imelala. Alisema wiki tatu. Kabla wiki hizo hazijaisha vita vilianza upya na barabara zikafungwa. Baiskeli nyingine zilirudi. Yake haikurudi. Miaka mitatu ikapita bila mtu yeyote kuleta habari ya kifo chake, na bila mtu yeyote kuleta salamu zake.

Mama Solange aliendelea. Alilima maharage mlimani, akayabeba sokoni kwa kamba ya kichwani kama mama zetu wote, jioni akashona nguo za watoto wa majirani. Mvua ya alasiri ikianza, hakuhangaika. Kila tundu la paa alikuwa analifahamu pamoja na chombo chake: hapa sufuria ndogo, pale beseni, mlangoni kikombe cha bati. Angeweza kuwa anaongea na mgeni, akakisogeza kikombe kwa kidole cha mguu bila kukiangalia, na tone likaanguka katikati kabisa.

"Avocat," alikuwa ananiambia, yaani wakili, ndivyo alivyoniita, "inua daftari yako. Ile ya pale inaanza sasa."

Na kweli ilianza.

Mnunuzi alikuwepo muda wote huo. Aliitwa Syauswa, mfanyabiashara wa vitenge, mtu mnene wa kucheka kwa urahisi. Alitaka nyumba ile kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa anakaribia kuoa. Alikuja kila baada ya miezi miwili mitatu, akakaa kwenye kiti kilekile, akakauka koo kwa maneno yaleyale. Chumba changu kilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao, kwa hiyo nilisikia yote. Mabati kwetu huitwa matole.

"Mama Solange, mi nilisha kuambia. Matole yako nayajua. Butembo yote inayajua. Uzisha tu hivi hivi, nitayatoa miye mwenyewe."

"Hapana, Papa Syauswa. Siwezi uzishia mutu nyumba yenye kuvuja. Mvua itapiga bibi-arusi ya mutoto wako ku kichwa, na atataja jina ya nani? Atataja yangu. Acha kwanza nibadilishe matole, njo nitakuuzishia."

"Mais mama, miye mwenyewe nakuambia nayataka na matundu yake!"

"Hapana."

"Mungu wangu," akasema Syauswa, na kiti kikalia kwa kicheko chake. "Commerçant wa Butembo anaomba mutu amuuzishie kitu ya kuharibika, na mutu anakatala! Nikisimulia hii ku magazini yangu ya vitenge, batasema nimelewa."

Nyuma ya ukuta ule wa mbao nusura nipige makofi.

Na hayakuwa maneno matupu. Nyuma ya kitanda chake mabati mapya yalisimama, yamefunikwa mkeka. Kila mwezi alinunua bati moja, mara nyingine mawili. Fundi alikuwa amempimia: nyumba ilitaka mabati ishirini na manane. Nilipohamia pale alikuwa na kumi na tisa. Mjane mmoja wa mtaa wa chini akaunguliwa kibanda, Mama Solange akampa mawili. Akanunua tena, akafika ishirini na mawili. Jiko la kanisa likaanguka kwa upepo, akatoa matatu. Akanunua tena. Akafika ishirini na manne, na mwaka huo mtu mmoja aliyekimbia vita kutoka kijijini akaja na watoto wanne akiwa hana hata mlango. Akaondoka na mawili.

Niliandika habari zake kwenye karatasi tuliyokuwa tunabandika ukutani chuoni. Niliweka kichwa cha habari kwa herufi nyekundu. Niliuliza: hawa wanaojiita viongozi, yuko mmoja wao aliyewahi kulala chini ya paa linalovuja ili mjane apate bati? Wenzangu walisoma, wengine wakanakili. Nilijiona nimefanya kazi.

Mwezi wa kumi barua ilifika kutoka Beni, imeletwa na dereva ndani ya mfuko wa shati. Solange alikuwa anakaa huko, mtaa wa Beu. Mume wake aliuawa barabarani mwezi wa tatu, akamwachia watoto wawili na mimba changa. Mama Solange aliisoma amesimama mlangoni, akaisoma mara ya pili, kisha akanipa.

Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeandika akiwa amelala chali. "Mama, docteur anasema safari hii haitatoka vizuri, watanipasua. Anasema nilale tu, nisibebe hata ndoo. Nani atachotea batoto maji? Mama, uzisha nyumba, kuja. Usikawie. Kila siku nasikia lori inapita nafikiri ni weye."

"Yamebaki matole mangapi?" nikauliza.

Aliinama akakiokota kikombe cha mlangoni. "Tano. Mais fundi anasema miti ya juu nayo inataka kuangaliwa. Na misumari. Tutaona mwezi ujao."

Hapo ndipo ningepaswa kumtazama vizuri usoni. Sikumtazama. Nilikuwa tayari natafuta viatu vyangu.

Kwa siku nne nilizunguka Butembo. Nilisimama darasani, nilisimama mbele ya kwaya, niliingia kwa watu waliokuwa hawanijui. Niliongea kama ninavyoongea, kwa mikono yote miwili. Mwenye bati alitoa bati, mwenye misumari akatoa misumari, wanafunzi wa ujenzi wakajitolea mgongo. Jumapili, baada ya matangazo, niliomba ruhusa nikaenda mbele ya kanisa zima. Nikasema kwamba mama yetu huyu amefunika wengine miaka mitatu na sasa ni zamu yetu. Nikasema mabati ishirini na manane yametimia na Jumamosi tunaezeka. Watu wakasimama, wakapiga vigelegele, na Mama Solange akainamisha kichwa akajifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Nilifikiri analia kwa furaha.

Siku ile hakupika. Jirani yetu Emérence, anayekaanga beignets, maandazi yetu, kwenye kona, alipita na sahani ya viazi, akamwekea mezani, akanitazama mimi kwa muda mrefu kama anatazama mtoto aliyevunja kitu na bado anacheka.

Jumamosi ilianza vizuri. Hakukuwa na wingu. Watu walifika zaidi ya ishirini, na fundi Abdias na ngazi yake, mzee mkavu aliyekuwa amefanya kazi na Eliezer zamani. Mabati ya zamani yalishuka moja moja, yakilia. Mengine yalivunjika mkononi kama mkate mkavu. Kabla ya saa nne nyumba ilikuwa wazi, na jua likaingia mpaka juu ya kitanda, mahali ambapo halikuwahi kuingia tangu Solange azaliwe. Miti ya juu ilikuwa mizima. Abdias aliigonga kwa kidole, akatikisa kichwa kwa heshima. "Eliezer alichagua miti," akasema. "Hii itazika matole ingine mara mbili."

Bati la kwanza likapandishwa, likalazwa mahali pake. Abdias akashika nyundo, akashika msumari, kisha akashuka ngazi tena.

"Bon," akasema. "Musumari ya kwanza."

Watu wote wakasogea karibu na ngazi. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu hakuna fundi anayepiga msumari wa kwanza wa paa. Msumari huo ni wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akiwa amekufa na matanga yamemalizika, ni wa mjane wake. Anayeshika nyundo ile anasema mbele ya watu wote nani ni mkubwa wa nyumba, bila kufungua mdomo. Nilikuwa naijua desturi hiyo tangu utoto, na katika wiki nzima ya kutembea na kuhutubia haikunipitia hata mara moja kichwani.

"Papa Abdias," nikasema, "unipatie nyundo. Miye nitapiga, tuendelee."

"Weye uko nani ya ile nyumba?"

"Mupangaji."

"Mupangaji!" Abdias akawageukia watu. "Leo mupangaji anapiga musumari, kesho atavaa suruali ya mwenye nyumba!"

Wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto. "Ni desturi tu, papa. Mvua haiulizake desturi."

"Mvua hapana," akasema mzee yule. "Miye njo nauliza."

Macho ya watu yakamwendea Mama Solange. Alikuwa amesimama karibu na mlango na jagi la maji ya wafanyakazi. Aliliweka chini polepole, akageuka, akaenda jikoni nyuma ya nyumba.

Emérence alinishika mkono juu ya kiwiko, akanivuta kando ya ukuta. Vidole vyake vilikuwa na unga.

"Avocat, ulisoma miaka ngapi?"

"Mama Emérence, huu si wakati wa..."

"Hesabu balikufundisha?"

"Ndiyo."

"Donc hesabu. Alikuwa na kumi na tisa, akagawa mbili. Akafika makumi mbili na mbili, akagawa tatu. Akafika makumi mbili na ine, akagawa tena. Kila akikaribia. Mutu mwenye haraka ya paa anafanyaka vile?"

"Nilifikiri ni roho nzuri."

"Roho nzuri iko nayo, kupita ya sisi bote. Mais ile haikuwa roho nzuri. Ilikuwa bwana yake." Aliniachia mkono. "Paa ikiisha, nyumba inauzwa. Nyumba ikiuzwa, Eliezer hana tena mahali pa kurudi. Mutaa yote tulijua. Syauswa alijua! Unafikiri anakujaka hapa miaka yote juu ya nini, na haweke nguvu? Tulikuwa tunamuachia. Weye ukaenda kusema mu kanisa, na makofi juu."

Nilisikia mtu anauliza kama tunaendelea au hatuendelei, na Abdias akimjibu kwamba jua halijaenda popote.

Nilimkuta Mama Solange jikoni, amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi na kiazi mkononi, hamenyi. Nilipiga magoti kwenye majivu.

"Mama, unisamehe."

"Juu ya nini? Juu ya kunipatia matole?" Akacheka kidogo, kicheko kisichofika mbali. "Inuka, unachafua suruali."

Sikuinuka. Akaniita kwa jina langu, mara ya kwanza tangu nihamie kwake.

"Esdras, sikia. Papa Solange akitoka kule, siku atafika sijui. Atapiga hodi. Mulango itafunguliwa na bibi-arusi ya mutoto wa Syauswa, mutoto mudogo, hamujue. Atamuambia: hapa hakuna Katungu. Na yeye atabaki pale inje na viatu yake ya kuchoka. Atafikiri nini? Atafikiri nilikufa." Alikigeuza kiazi mkononi. "Ao atafikiri nilichoka kumungojea. Ile ya pili njo inaniuma."

Nikasema, "Turudishe matole ya zamani. Nitaenda pale mbele, nitabaambia bote kosa ni yangu."

"Yenye kuvunjika vunjika vile? Utayashonea na sindano?"

"Basi tungoje. Uwaambie hauko tayari."

"Na Solange?"

Kuku aliingia, akatazama, akatoka. Nje mtu alikuwa anaimba sehemu yake ya besi peke yake, ya kwaya ya kesho.

"Ule bwana hajaniita miaka tatu," akasema Mama Solange. Alikuwa anaongea na kiazi zaidi ya mimi. "Labda hana namna ya kuita. Simulaumu. Mais ule mutoto ananiita, nasikia sauti. Sasa Papa Solange angekuwa hapa, unajua angeniambia nini? 'Weye mwanamuke, unakaa kulinda matofali na mutoto wangu analala chini kule?' Angenikalipia mpaka majirani batoke. Alikuwaka na mudomo, ule!" Na hapo alitabasamu kweli, machozi yakiwa yameshafika kwenye kidevu. Aliyafuta kwa mgongo wa mkono wenye kisu. "Nipatie mukono niinuke. Magoti yangu haina tena miaka ya magoti yako."

Tulipotokea, watu walisogea wakaacha njia. Alikwenda moja kwa moja kwa Abdias akanyoosha mkono, na mzee yule akampa nyundo kwa mikono yote miwili. Nikashika ngazi upande mmoja, Emérence upande mwingine. Emérence akainua sauti:

"Banaume bote, muangalie chini! Mama anapanda!"

Wanaume ishirini wakaangalia viatu vyao.

"Na miye niko huku juu," akalia mmoja wa wanafunzi aliyekuwa ameshapanda kwenye miti, "niangalie wapi?"

"Angalia Beni!"

Akageuza shingo upande wa Beni akabaki hivyo. Mama Solange alipanda kidaraja kwa kidaraja, kitenge kimekazwa kiunoni. Msumari wa kwanza ulipinda. "Bintu bya siku hizi," Abdias akanong'ona, uso bado chini. Mama Solange akapewa mwingine. Ule uliingia kwa mapigo manne, na baada ya pigo la nne aliweka kiganja juu ya mti ule wa zamani, akasema jambo kwa Kinande, taratibu sana. Mimi niliyekuwa chini yake nilishika neno moja tu: *wasingya*, asante.

Baada ya hapo nyundo zote zililia kwa pamoja na kazi ikaenda haraka. Kazi ya mwisho ndiyo iliyonikera. Miaka ile bati jipya liking'aa mlimani, wenye bunduki walidhani chini yake kuna fedha, nao walikuja kuitafuta. Kwa hiyo wanawake walikuwa wamekoroga udongo mwekundu ndani ya mapipa, na paa lote, jipya na zuri hivyo, likapakwa tope kwa fagio. Nilianza hotuba ya kusema ni aibu gani hii, nchi ambayo mtu anaficha paa lake kama ameliiba.

"Discours baadaye, Avocat," akasema Emérence. "Sasa shika ufagio."

Nikashika.

Syauswa alifika saa kumi, akasimama uani, mikono kiunoni, akatazama juu. "Mama Solange, miaka yote ile nilingoja matole mupya, na unanionyesha udongo?" Akapanda vidaraja viwili, akakwangua kwa ukucha, mng'aro mdogo ukatoka. Akapafunika tena kwa kidole haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Karatasi ya mauzo niliiandika mimi kwenye meza ya kulia chakula. Abdias na Emérence walikuwa mashahidi. Mabati ya zamani yaliyobaki mazima Mama Solange alimpa Emérence kwa kibanda chake cha beignets.

Alipokwisha kutia sahihi, Syauswa alivua kofia. Hakuwa anacheka.

"Mama, ule papa akifika, tutamuambia. Nakuahidi. Bibi-arusi pia nitamufundisha."

"Mutamuambia nini?"

"Ya kama uko Beni."

Mama Solange akamtazama. "Beni ni mukubwa, Papa Syauswa."

Alikunja nakala yake ya karatasi, akaiweka ndani ya Biblia pamoja na barua ya Solange.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu mpaka magotini. Lori la Beni lilikuwa linapakia kwenye njia panda, na mimi nilibeba godoro kichwani nikamfuata. Nilidhani tunakwenda moja kwa moja. Alisimama kwa Emérence kwanza, akapiga hodi. Emérence alitoka na kitambaa cha kulalia kichwani.

"Sikia," Mama Solange akamwambia. "Beni, Beu, nyuma ya soko, mulango ya bleu, kwa Solange. Rudia."

Emérence akarudia. Wakakumbatiana, tukaendelea. Akapiga hodi kwa mjane wa mtaa wa chini. Akapiga kwa mwalimu, aliyekosea akasema mbele ya soko, na hakuachiliwa mpaka aliposema nyuma. Akapiga kwa muuza dawa, kwa mlinzi wa kanisa, kwa bibi mmoja ambaye hakutoka kitandani ila alirudia kupitia dirishani kwa sauti kubwa hadi kuku wakaruka. Dereva wa lori akaanza kupiga honi. Mama Solange hakuongeza mwendo wala hakuupunguza.

Kizuizi kilikuwa mita chache kabla ya lori: gogo, kamba, na askari kijana aliyekaa kwenye tofali na bunduki magotini. Wale niliwachukia kuliko kitu chochote. Nilimvuta Mama Solange kwa kitenge, nikamwambia tupite upesi. Yeye alikwenda akasimama mbele yake.

"Mama, mokanda?" askari akasema, na macho hayajafunguka vizuri. Akaonyeshwa karatasi. "Okei wapi?"

"Beni. Na weye, unakaaka hapa siku zote?"

"Siku zote, mama."

"Ni muzuri. Kuna mutu anaitwa Eliezer. Murefu. Kidole hii ya mukono ya kushoto hana. Akikuja kutoka Manguredjipa, akikuuliza, ao hata asipokuuliza, umuambie: Beni, Beu, nyuma ya soko, mulango ya bleu, kwa Solange. Rudia."

Askari alinitazama mimi. Akaitazama bunduki yake. Kisha akaiegemeza kwenye gogo, akasimama, na mikono ikajipanga yenyewe pembeni mwa mapaja kama ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Beni. Beu. Nyuma ya soko. Mulango ya vert..."

"Bleu."

"Ya bleu. Kwa Solange."

"Tena."

Akasema tena, bila kukosea. Mama Solange akampiga kidogo begani, akapanda lori, akakaa juu ya godoro lake, uso upande wa Beni. Lori likaanza kushuka ndani ya ukungu. Askari alifunga kamba, lakini hakukaa. Alikuwa amesimama palepale, midomo inacheza, anahesabu kwa vidole: Beni, Beu, soko, mlango.